Bawaba

Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, kila Jumatatu,
nazinywesha bawaba za lango letu la Nkuhungu.
Mama Chiwanga, mpishi, hunitazama kwa pembe ya jicho:
"Maharage hayajaungwa, lango ndilo laungwa?"
Humjibu kwamba lango nalo ni mtu wa nyumba hii.

Zamani lilikuwa linalia.
Usiku wa kwanza wa Damari, kutoka Mvumi,
mlinzi alilisukuma alfajiri apokee maziwa,
chuma kikasaga chuma,
na Sechelela, miaka minne, akaingia mvunguni
akakaa huko hadi adhana ya adhuhuri,
ameyaziba masikio ya mwanasesere wake wa matambara.
Ya kwake aliyaacha wazi.

Tangu siku hiyo natia mafuta.

Watu hudhani kazi yangu ni kufuta machozi.
Machozi hujifuta.
Kazi ni umeme kukata saa tatu usiku
na watoto kumi na mmoja hawajaoga;
ni deni la mkate dukani kwa Sakina,
ambaye huandika kwa penseli, Mungu ampe;
ni fomu ya PF3 iliyojazwa "alianguka",
nikairudisha kituoni, nikakaa kwenye benchi
mpaka wakachoka na uso wangu
wakaandika neno lenyewe.
Ni kumwambia mwanamke mzima, mama wa watoto watatu,
kwamba hapa chumvi ikizidi
hakuna kesi.

Ripoti ya wafadhili ina safu: chakula, dawa, nauli.
Bawaba hazina safu.
Nimeziandika kwenye lishe.

Mumewe alikuja mwezi wa saba,
siku za ule upepo unaotia vumbi hadi kwenye meno.
Sijui nani alimwelekeza. Dodoma imekua mji,
ulimi wake bado ni wa kijijini.
Alikuja na balozi wa nyumba kumi, na baba yake mdogo,
na daftari la mahari,
akaanza kusoma kwenye upenyo wa lango:
mwekundu mwenye baka shingoni,
mweusi, pembe moja imevunjika,
mitamba miwili ya kijivu waliofanana,
ng'ombe kumi na wanne, hakuruka hata ndama.

Nikamwacha amalize.
Kisha nikamuuliza Sechelela alizaliwa mwezi gani.

Upepo ukafunua kurasa za daftari.
Baba mdogo akakohoa.
Balozi akaviangalia viatu vyake kama vimeazimwa.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimeshinda.
Lakini mwezi wa nane Damari alirudi kwake.
Ndiyo. Usinitazame hivyo.
Alisema uwele utaliwa na ndege, mama mkwe ni mgonjwa,
alisema na mengine ambayo sikuyaamini wala yeye.
Nilimfungia sabuni, nusu kilo ya sukari,
na namba yangu ya simu akaishona kwenye upindo wa kanga.
Nikafungua lango mwenyewe.
Halikutoa sauti. Kwa mara ya kwanza nilitamani lilie.

Daftari la kuingia lina safu ya tarehe ya kutoka.
Ya kwake nimeiacha tupu. Mkaguzi aliniuliza,
nikasema wino uliisha.

Juzi niliamka saa kumi na moja, sijasikia kitu,
si mbwa, si komeo, si hatua.
Jikoni, juu ya magunia ya mtama,
miguu minne imeota vumbi la barabara ya Mvumi,
na katikati yao mwanasesere, mkono mmoja umeng'oka.
Mama Chiwanga alikuwa ameshateleka chungu.
Hakusema neno. Aliunga maharage, akaonja,
akachota kijiko cha mafuta kwenye dumu
akaninyoshea.

"Leo Alhamisi," nikamwambia.

"Najua."